Maoni ya Wachezaji na Uamuzi wa Mnunuzi: Mfano wa Michezo ya Kupenya Mapango

Katika miji ya Mtwara na Mikindani, na katika vijiji vya pwani vinavyoelekea mlango wa Mto Ruvuma, simu ya mkononi imekuwa duka, benki na ukumbi wa burudani kwa wakati mmoja. Miongoni mwa bidhaa zinazonunuliwa kwa njia hiyo ni michezo ya video. Mlaji anapotaka kununua mchezo asioujua, mara nyingi huongozwa na maoni ya wachezaji waliotangulia. Makala hii inaeleza namna ya kuyasoma maoni hayo ili yamfae msomaji wa huku, ambaye kifaa chake, mtandao wake na kipato chake huenda havifanani na vya aliyeyaandika.

Tumechagua aina moja ya michezo iwe mfano: ile ambayo mchezaji huongoza mhusika mmoja au kikosi kidogo ndani ya mapango na magofu ya chini ya ardhi, akitazama kila kitu kwa nafsi ya kwanza. Aina hii inafaa kwa somo letu kwa sababu wachezaji wake hutofautiana sana. Jambo ambalo mmoja hulilalamikia ndilo ambalo mwenzake amelipia fedha alipate.

Michezo yenyewe

Katika mtazamo wa nafsi ya kwanza, mchezaji hamwoni mhusika wake. Huona ukuta, mlango au adui kama ambavyo mhusika angeviona kwa macho yake mwenyewe. Safari huwa ya hatua kwa hatua: kufungua milango, kukwepa mitego, kupambana, kukusanya mali, na kuwakuza wahusika wapate nguvu na ujuzi.

Mchezo uliojenga msingi wa jamii hii ni Wizardry, uliotolewa Marekani mwaka 1981 na Andrew Greenberg na Robert Woodhead kwa ajili ya kompyuta ya Apple II. Ulikuwa na wahusika sita na ngazi 10 za chini ya ardhi, kila ngazi ikiwa na miraba 20 kwa 20. Mwaka 1987 ulifuata Dungeon Master, ambao maadui wake hawakumsubiri mchezaji afikiri. Mwaka 1992 Ultima Underworld ulimruhusu mchezaji kutembea kwa uhuru badala ya kuruka mraba hadi mraba. Mwaka 2012 kampuni ya Almost Human ya Finland ilitoa Legend of Grimrock, ikirudisha mwendo wa miraba kwa picha za kisasa.

Kasoro ya mmoja, raha ya mwingine

Maoni ya wachezaji wa michezo hii huzunguka mambo manne. Anayeyafahamu hatababaishwa na sifa wala lawama.

La kwanza ni ramani. Wizardry ya 1981 haikumpa mchezaji ramani. Aliichora mwenyewe kwenye karatasi ya miraba. Etrian Odyssey ya mwaka 2007 ilimtaka aichore kwa kalamu kwenye kioo cha kifaa. Legend of Grimrock huchora ramani yenyewe, lakini ina namna ya kuchezwa inayoiondoa kwa anayependa kuhangaika. Mchezaji mmoja ataandika kwamba alipotea na kuchoka. Mwingine ataandika kwamba kupotea ndiko kulikomfurahisha. Wote wawili wanasema kweli. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika baadhi ya michezo hii, hata njia bila daftari hupotea. Mnunuzi asiyependa kuchora ajue hilo kabla ya kulipa, na anayependa aongeze daftari la hesabu kwenye bajeti yake.

La pili ni mwendo wa mapambano. Michezo mingine huenda kwa zamu, na mchezaji anaweza kuweka simu chini akaendelea na shughuli zake. Mingine huenda papo hapo na hudai wepesi wa vidole. Mtu anayecheza akisubiri pantoni ya Kilambo au akilinda duka atafaidika zaidi na ile ya zamu, hata kama watoa maoni wengi wanaiona kuwa inachosha.

La tatu ni ukali wa adhabu. Katika Wizardry, mhusika aliyekufa angeweza kupelekwa hekaluni kufufuliwa, lakini ufufuo ungeweza kushindikana akageuka majivu, na majivu nayo yangeweza kupotea kabisa. Wapo wanaouita utaratibu huo ukatili, na wapo wanaosema kwamba pasipo hofu ya kupoteza hakuna thamani ya kushinda.

La nne ni marudio. Ili wahusika wakue, mchezaji hupigana mapambano mengi yanayofanana. Anayetafuta hadithi ya haraka ataona anapotezewa muda. Anayetafuta burudani ya muda mrefu kwa malipo ya mara moja ataona amepata faida.

Katika mambo yote manne hakuna ubovu wa bidhaa, bali tofauti ya ladha. Hivyo neno "mbaya" au "mzuri" peke yake halimsaidii mnunuzi. Linalomsaidia ni sababu iliyoandikwa baada yake.

Maswali ya kumpima mtoa maoni

Kila maoni ni ushahidi, na kila shahidi huulizwa alisimama wapi alipoona. Mlaji wa pwani hii ana maswali matano ya kuuliza.

Alichezea kifaa gani? Sifa zilizoandikwa na mwenye kompyuta kubwa hazithibitishi kwamba toleo la simu litafanya kazi. Tafuta maoni ya mtu mwenye simu inayokaribiana na yako kwa kumbukumbu na nafasi ya kuhifadhia.

Alicheza kwa muda gani? Duka la mtandaoni la Steam huruhusu maoni ya wenye mchezo katika akaunti zao pekee, na huonyesha saa walizocheza. Aliyecheza nusu saa anaweza kueleza kama mchezo unafunguka. Hawezi kueleza kama safari yake inafika mahali.

Alikuwa na mtandao wa namna gani? Anayelipia intaneti kwa mwezi bila kikomo hataona haja ya kutaja ukubwa wa faili, ilhali anayenunua vifurushi vya siku huko Msimbati atalihisi kila gigabaiti. Michezo mingi ya mapango huchezwa na mtu mmoja, na mingi haihitaji mtandao baada ya kupakuliwa. Hiyo ni sifa kubwa kwa mazingira yetu. Hata hivyo, hakikisha, kwa kuwa baadhi ya matoleo ya simu hudai kuunganishwa kila yanapofunguliwa. Aliye karibu na mpaka wa Msumbiji azingatie pia kwamba simu inaweza kushika mtandao wa nchi jirani na kutozwa kwa viwango vya nje. Zima huduma ya data ya nje ya nchi katika mipangilio ya simu kabla ya kupakua chochote.

Mchezo huhifadhi maendeleo kwa namna gani? Baadhi huhifadhi wakati wowote. Mingine huhifadhi mahali maalumu tu, kama mjini au kambini. Kwa anayecheza kwenye kompyuta ya mezani, umeme ukikatika kabla ya kufika hapo, kazi ya jioni nzima hupotea.

Alicheza kwa lugha gani? Michezo hii ina mafumbo yanayofunguliwa kwa maneno, na kwa kawaida maneno hayo si ya Kiswahili. Mzazi anayemnunulia mtoto ajiulize kama mtoto ataelewa anachosoma, na aangalie alama ya umri iliyowekwa dukani, kwa kuwa mingi ina damu, maiti na viumbe vya kutisha.

Nyota zinapochujwa

Penye wengi hapaharibiki neno, lakini ni pale tu ambapo wengi wamepewa nafasi ya kusema. Mwaka 2014 kampuni ya Electronic Arts ilitoa toleo la simu la Dungeon Keeper. Huu ni mchezo wa jamii ya jirani, ambao mchezaji huwa mwenye pango badala ya kuwa mvamizi wake. Katika toleo la Android, mchezaji aliombwa kutoa alama ndani ya mchezo. Aliyechagua nyota tano alipelekwa dukani kuziandika. Aliyechagua kati ya moja na nne alielekezwa kutuma maoni yake kwa kampuni. Kwa utaratibu huo walioridhika walifikishwa mbele ya wanunuzi wengine kwa urahisi kuliko walionung'unika.

Mwaka huohuo, mamlaka inayosimamia viwango vya matangazo nchini Uingereza iliamua kwamba tangazo lililouita mchezo huo wa bure lilipotosha, kwa kuwa halikueleza wazi mipaka inayomkabili asiyelipa. Mchezaji aliweza kuendelea bila fedha, lakini kwa kusubiri muda mrefu kila hatua, au alipe ili asisubiri.

Funzo lake ni la moja kwa moja. Usisome wastani wa nyota pekee. Soma maoni ya nyota mbili, tatu na nne, ambayo mara nyingi hueleza mazuri na mabaya kwa pamoja. Soma ya karibuni kabla ya ya zamani, kwa kuwa mchezo unaweza kubadilishwa baada ya kutolewa. Na ukiona sifa nyingi fupi zinazofanana maneno, zilizoandikwa kwa wakati mmoja, zitilie shaka. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ladha haina fidia, kasoro ina haki

Mlaji akinunua mchezo mgumu ambao ulielezwa kuwa mgumu, kisha ukamshinda, hakuna aliyemkosea. Lakini mchezo usiofunguka kwenye kifaa ambacho muuzaji alisema unafaa, au ulioelezwa kuwa kamili kumbe ni sehemu tu, au ulioitwa wa bure ilhali hauendi bila malipo, ni suala jingine. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha na kuhadaa katika biashara, na Tume ya Ushindani, maarufu kwa jina la FCC, ndiyo yenye dhamana ya kuisimamia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nayo inaweka wajibu kwa anayeuza kwa njia ya mtandao kumpa mnunuzi taarifa zinazomtambulisha yeye, bidhaa yake na bei yake.

Malalamiko kuhusu kifurushi cha data au makato ya simu hupelekwa kwanza kwa mtoa huduma mwenyewe. Asiporidhisha, hupelekwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Mchezo unaodai kusoma majina ya watu waliomo katika simu yako bila sababu inayoeleweka unagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo ina Tume yake.

Maduka ya nje yana taratibu zake za kurejesha fedha. Steam hupokea ombi lililotumwa ndani ya siku 14 tangu kununua, ikiwa mchezo umechezwa chini ya saa mbili. Google Play hupokea maombi ndani ya saa 48. Baada ya hapo mnunuzi kwa kawaida huelekezwa kwa mtengenezaji. Saa mbili hazitoshi kulimaliza pango, lakini zinatosha kujua kama mchezo unafunguka, unahifadhi maendeleo, na unasomeka. Zitumie kwa ukaguzi huo kwanza.

Kabla ya kulipa

1. Andika mambo mawili unayoyataka katika mchezo na mawili usiyoyavumilia. Kisha tafuta maoni yanayoyataja.

2. Linganisha mahitaji ya mchezo na kifaa chako, pamoja na ukubwa wa faili na gharama ya kifurushi cha kuipakua.

3. Ikiwa bei imeandikwa kwa dola, ulizia gharama ya kubadilisha fedha kwa kadi ya benki au kadi ya mtandaoni unayotumia.

4. Kama simu inatumiwa na watoto, weka nywila kwa kila ununuzi. Usimpe mtu yeyote namba ya siri ya akaunti yako ya fedha.

5. Epuka nakala zisizo halali zinazouzwa kwenye flashi. Huweza kubeba virusi, hazina masasisho, na mnunuzi wake hana wa kumlalamikia.

6. Hifadhi risiti, ujumbe wa malipo na picha ya tangazo kama lilivyokuwa siku ya kununua. Malalamiko yasiyo na kumbukumbu ni magumu kuthibitisha.

7. Ukishacheza, andika nawe maoni yako: kifaa ulichotumia, muda uliocheza, hali ya mtandao, na kilichokufurahisha au kukuudhi. Mnunuzi wa Mtwara atafaidika zaidi na mistari mitano ya jirani mwenye simu kama yake kuliko kurasa za mtu aliye mbali mwenye kompyuta asiyoweza kuimudu.