Elimu ya Masafa Kandokando ya Barabara ya Thika

Ukitoka Nairobi kuelekea Thika, vyuo vikuu vimefuatana kando ya barabara kama vituo vya mafuta. Kenyatta kiko Kahawa, kabla hujaingia Ruiru. Zetech kina kampasi Ruiru kwenyewe. Mbele kidogo, Juja, kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, na mjini Thika vipo Mount Kenya na Gretsa. Yote hayo ndani ya kilomita 45 hivi. Hata hivyo, katika eneo hilohilo wapo wakazi wanaosomea shahada kwa simu na kompyuta, na lango la chuo huliona msimu wa mitihani tu. Aliye na chuo jirani anasoma kwa masafa kwa nini?

Jibu liko kwenye saa za kazi. Thika ni mji wa viwanda na mashamba makubwa ya mananasi. Ruiru, iliyokuwa nchi ya kahawa, leo imejaa nyumba za kupangisha ambazo wapangaji wake wengi huamkia Nairobi. Mfanyakazi wa zamu ya usiku hulala mchana. Mwalimu wa shule ya msingi yuko darasani hadi jioni. Wa tatu yuko kwenye foleni ya magari akirudi nyumbani. Kwao wote, mhadhara wa saa nne asubuhi haufikiki, hata kama ukumbi uko ng'ambo ya barabara.

Wataalamu wa fani hii wana nadharia inayolieleza jambo hilo vizuri, na asili yake iko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Katika miaka ya 1960, Michael Moore, Mwingereza, alifanya kazi ya elimu ya watu wazima nchini Kenya. Baadaye alikwenda Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kusoma kwa Charles Wedemeyer, bingwa wa masomo ya posta. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Moore alitoa hoja kwamba umbali unaomdhuru mwanafunzi ni pengo la mawasiliano na uelewano kati yake na mwalimu. Ukubwa wa pengo hilo hutegemea mambo matatu: mazungumzo kati ya wawili hao, mpangilio wa kozi, na uwezo wa mwanafunzi kujiongoza. Kwa kipimo hicho, aliyeketi kiti cha nyuma katika ukumbi wa watu 400 anaweza kuwa mbali na mhadhiri kuliko mwenzake wa Garissa anayejibiwa swali lake siku hiyohiyo.

Nadharia hiyo ni taa nzuri ya kumulikia historia yetu. Baada ya uhuru, shule za msingi ziliongezeka haraka kuliko walimu wenye mafunzo. Kuwatoa walimu darasani ili wakasome kungeacha watoto bila mtu mbele yao. Mwaka 1967, kwa msaada wa Marekani, kikaanzishwa kitengo cha masomo ya posta katika kilichokuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi. Mwalimu alipokea vitini na vitabu kwa posta, akasikiliza vipindi vya Sauti ya Kenya redioni, akatuma kazi zake zisahihishwe, na wakati wa likizo akakutana na wakufunzi ana kwa ana. Aliyefaulu mtihani alipanda daraja la kazi, na mshahara ukapanda naye.

Tazama jinsi mpango ule ulivyosukwa. Kitini kilibeba maarifa, redio ikakipa sauti. Lakini mazungumzo yenyewe yalikuwa katika ile karatasi iliyorudi ikiwa na maelezo ya msahihishaji, na katika zile siku chache za likizo. Karatasi ilipochelewa kurudi, mwanafunzi alibaki peke yake na kitini. Kuchelewa huko ni ugonjwa wa kale wa masomo ya posta popote duniani.

Duniani, njia hii ilikuwa imeshaota mizizi, nayo iliendelea kukua. Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa wanafunzi wa nje mwaka 1858. Kile cha Afrika Kusini, Unisa, kiligeukia kufundisha kwa masafa mwaka 1946. Uingereza ilianzisha Chuo Kikuu Huria mwaka 1969, na Tanzania ikapitisha sheria ya chuo chake huria mwaka 1992. Kenya ilipita njia nyingine: badala ya kujenga chuo kimoja cha masafa, iliviachia vyuo vya kawaida. Nairobi kilianza kutoa shahada ya ualimu kwa masafa mwaka 1986.

Barabara ya Thika iliingia katika historia hii kwa kishindo mwishoni mwa miaka ya 1990. Benki ya Dunia ilizindua Chuo Kikuu cha Afrika cha Mtandaoni mwaka 1997, na Kenyatta kikawa miongoni mwa vituo vyake vya kwanza. Wanafunzi waliketi Kahawa mbele ya skrini, mihadhara ikirushwa kwa setilaiti kutoka ng'ambo, na waliokuwa na maswali wakiuliza kwa simu au faksi. Mwaka 2003 chuo hicho cha mtandaoni kikawa taasisi ya kiserikali ya nchi kadhaa za Afrika, makao yake yakiwa Nairobi. Mitambo ilikuwa ya kisasa. Hata hivyo, mwanafunzi bado alilazimika kufika ukumbini saa ileile mhadhara uliporushwa. Setilaiti iliondoa bahari katikati, ikaacha ratiba palepale. Kwa mfanyakazi wa zamu wa Thika, hapo hapakubadilika kitu.

Kilichobadilisha mambo ni nyaya za chini ya bahari zilizofika Mombasa mwaka 2009. Kabla yake, intaneti yetu ya kimataifa ilipita angani kwa setilaiti, kwa bei ya juu. Baada yake vyuo viliweza kuweka masomo kwenye mifumo kama Moodle, ambayo mwanafunzi huifungua saa sita usiku akitaka. Moodle ilibuniwa na Martin Dougiamas wa Australia, aliyekulia jangwani na kusoma utotoni kwa redio. Mount Kenya, kilichochipuka kutoka taasisi ndogo ya mjini Thika na kupata hati yake mwaka 2011, kilikua kwa kuwafuata hasa watu walio kazini. Walimu walisoma kwa masafa muhula mzima, kisha Aprili, Agosti na Desemba wakafurika madarasani shule zao zilipofungwa. Utaona kwamba ni mpango uleule wa 1967, isipokuwa kitini sasa kimo simuni.

Machi 2020, corona ilipofunga shule na vyuo, kila mtu aliambiwa asome mtandaoni. Wengi walichukia masomo hayo, na hawakukosea. Lakini walichokiona hakikuwa elimu ya masafa. Kozi ya masafa huandaliwa kwa miezi: kitini huandikwa upya ili kijieleze chenyewe, mazoezi hupangwa, wakufunzi huteuliwa. Mwaka ule mhadhara wa darasani ulihamishiwa kwenye video jinsi ulivyo, na familia ya watoto watatu katika chumba kimoja cha kupanga ikagawana simu moja na bando moja. Ilikuwa huduma ya dharura.

Agosti 2023 Kenya ilipata Chuo Kikuu Huria chake, huko Konza. Sasa anayeishi Ruiru ana vyuo vya jirani vinavyofundisha kwa masafa, na chuo kizima kilichoundwa kwa kazi hiyo. Matangazo yatakuwa mengi, na yote yatasifu teknolojia. Wewe uliza yale ambayo teknolojia peke yake haitimizi. Kazi yangu itasahihishwa na nani, na itarudi baada ya siku ngapi? Mkufunzi anapatikana vipi ninapotoka zamu saa mbili usiku? Masomo yanapakuliwa nikayasoma bila bando? Mtihani unafanyiwa wapi? Na je, programu hii imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu? Hilo la mwisho waulize Tume wenyewe, usimwulize anayekuuzia fomu.

Jiulize nawe pia. Moore alimtwika mwanafunzi theluthi ya mzigo: kujiongoza. Kama huna saa kumi hivi kwa wiki ambazo nyumbani wanajua ni zako, subiri hadi uzipate, kwa maana karo ikilipwa bila saa hizo hupotea. Ukizipata, na chuo kikakujibu maswali hayo kwa maandishi, jiandikishe. Kisipokujibu kabla hujalipa, hakitakujibu ukishalipa.