Paa la Vinili kwa Ndai ya Kitambo: Luku Kali, Kutu Chini kwa Chini

Wasee wa Pwani, hii ni yenu. Ukikata pale Mazeras ushike barabara ya Rabai kuelekea Kaloleni, cheki vizuri chini ya miembe na minazi. Hukosi kuona ndai ya kitambo imelala: Peugeot 504, Datsun, Cortina, pengine Toyota Crown. Mzee alishaipaki, funguo zimebaki kwa kijana, na kijana ana ndoto moja tu: aifufue iwake. Halafu beshte anamwambia, "Buda, piga paa leksini nyeusi, utaua."

Kabla hujatoa ganji, soma hii kwanza.

Hiyo kitu ni nini haswa?

Paa la vinili ni plastiki laini yenye mgongo wa kitambaa, inafanana na ile leksini ya viti vya matatu. Inabandikwa kwa gundi juu ya bati la paa, wakati mwingine kukiwa na sponji nyembamba katikati, halafu kingo zinafungwa kwa vipande vya chuma king'aavu. Usichanganye na ile stika nyeusi wasee wanavalisha Demio na Vitz siku hizi. Stika ni karatasi nyembamba tu na inabanduka. Vinili ya kitambo ni nguo nzito.

Ilianza kama kiini macho. Gari la paa la kitambaa linalofunguka lilikuwa la wenye pesa. Makampuni yakaona: si tufunike bati kwa vinili, likae kama lile la kufunguka? Miaka ya 60 na 70 Marekani ilishikwa na hiyo homa. Mwaka wa 1969 na 1970, Plymouth na Dodge waliuza hadi magari yenye paa la maua, kama kitambaa cha meza. Kwa Waingereza, Cortina GXL ya mwanzo wa miaka ya 70 ilikuja na vinili kama alama ya hadhi. Lakini ni urembo tu, si nguvu. Cortina GT iliyoshinda Safari Rally mwaka wa 1964 haikuhitaji nguo kichwani.

Uzuri wake

Kwanza, luku. Bodi nyeupe au ya maziwa na paa jeusi, hapo hakuna ubishi. Gari linaonekana refu, tulivu, la mdosi.

Pili, mvua ikigonga haipigi kelele sana kama kwa bati tupu.

Tatu, thamani. Kama gari lilitoka kiwandani na vinili, kuiacha ni kulinda asili yake. Anayenunua gari la kitambo anauliza swali moja kila mara: hii ni yake ya kwanza ama mmebadilisha?

Nne, inaficha alama ndogo za paa. Lakini hapo hapo ndipo shida inaanzia, kwa sababu kinachoficha alama kinaficha na kidonda.

Ubaya wake

Fikiria paa la makuti. Linapata mvua usiku kucha, asubuhi upepo unapita katikati ya majani, linakauka. Makuti yanapumua. Vinili haipumui. Maji yakipata tundu moja, labda mshono umeachia au ukingo wa kioo umelegea, yanaingia chini na yanakaa. Sponji inayanyonya kama mkate kwenye chai. Jua likiwaka, ule unyevu unabaki umefungiwa juu ya bati.

Kutu inataka vitu vitatu: chuma, maji na hewa. Ongeza chumvi, kazi inaenda mbio zaidi. Sasa wewe uko Pwani, upepo wa bahari unabeba chumvi, na masika yanamwaga kuanzia Machi au Aprili. Msee wa Nanyuki ana muda kukuliko.

Jua nalo lina kazi yake. Linakausha vinili mpaka inakuwa ngumu, inasinyaa, inapasuka kama ardhi ya kiangazi. Kila ufa ni mlango wa maji. Na nyeusi inanyonya joto, so ukipaki saa saba mchana, ndani ni oveni.

Jinsi ya kupima kabla hujanunua

Usidanganyike na mng'aro. Fanya hivi:

1. Papasa paa lote kwa kiganja. Ukihisi malengelenge, au kitu kinalia kwa chini kama chipsi kavu, hiyo ni kutu.
2. Bonyeza pembeni mwa kioo cha mbele, kioo cha nyuma, na pale nguzo ya nyuma inakutana na bodi. Huko ndiko maji hukusanyika.
3. Chukua sumaku, ifunge na kitambaa isikwaruze. Ipitishe polepole. Mahali inashika na mahali inateleza pakitofautiana, kuna fila chini.
4. Ingia ndani, angalia kitambaa cha dari. Doa la maji ni ushahidi. Inua na kapeti ya buti.

Ukiamua kuweka

Fundi akikuambia "tunabandika tu juu, itajificha," shukuru, uondoke. Kazi safi ni hii: vinili ya zamani inatolewa yote, kutu inasuguliwa mpaka bati jeupe, palipooza panakatwa na kuchomelewa, praima, rangi kamili, ndipo vinili mpya. Gundi iwe ya kuhimili joto kali, kwa sababu ya kawaida ya viti inalegea juani. Kingo na vioo vizibwe vizuri.

Baada ya hapo, osha kwa sabuni ya kawaida na brashi laini. Petroli na thina visikaribie. Mashine ya presha isielekezwe kwenye mishono. Gari usilifunike na nailoni, maana jasho linabaki ndani. Banda la makuti linashinda: kivuli kipo, hewa ipo.

So, tufanyeje?

Kama gari lilikuja na vinili na bado nzima, itunze. Kama ilikuja nayo na imeoza, itoe leo, hata kama huna doh ya kuweka mpya. Bati lililopigwa rangi linaweza kungoja miaka, lakini kutu haingoji mtu. Na kama halikuwahi kuwa nayo, achana na leksini. Piga paa rangi nyeusi, ama weka stika juu ya rangi nzima. Luku ni ile ile, na siku ukichoka unabadilisha.

Kumbuka pia, Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililotumika zaidi ya miaka 8. Hizo 504 na Crown zilizobaki vijijini ndizo hizo hizo. Injini unaweza kutafuta nyingine. Bodi ikishaoza kutoka kichwani, ndai ya mzee inapandishwa mizani na kuuzwa kwa kilo.