Mkahawa Usio na Kahawa: Tatizo la Kutafsiri Nyumba za Chai za China

Utangulizi

Tulipokuwa Mashewa, wilayani Korogwe, mwalimu mmoja alitueleza kwamba alikuwa akiwatafsiria wanafunzi wake habari fupi juu ya maisha ya mji wa Chengdu, nchini China, akakwama katika sentensi ya kwanza tu. Habari yenyewe ilihusu mahali ambapo watu huketi tangu asubuhi wakinywa chai, wakisikiliza masimulizi na kumaliza magomvi yao. Kwanza aliandika "hoteli". Wanafunzi wakauliza ni vyakula gani vilivyopikwa humo. Akabadili, akaandika "nyumba ya chai". Mwanafunzi mmoja, ambaye jamaa zake huchuma chai katika milima ya Usambara, akadhani kuwa ni ghala la kuwekea majani mabichi.

Swali la mwalimu huyo linawahusu wengi. Matangazo ya Kiswahili kutoka Peking yalianza mwaka 1961. Reli ya TAZARA ilijengwa na mafundi wa Tanzania, Zambia na China kati ya mwaka 1970 na 1975. Na mwaka 2011 televisheni ya taifa ilionyesha mchezo wa Kichina uliotiwa sauti za Kiswahili. Kila mara mfasiri amekutana na mambo ya China ambayo hayana jina lililokubaliwa katika lugha yetu. Makala haya yanakusudia kueleza dhana ya mahali hapo pa kunywea chai, kuyapima maneno tuliyo nayo, na kutoa mapendekezo.

Dhana yenyewe

Mwundaji wa istilahi hana budi kuanza na kitu, ndipo aliendee neno. Kunywa chai kulienea sana nchini China katika enzi ya Tang (618–907), na ni katika karne ya 8 ambapo Lu Yu alitunga kitabu chake maarufu juu ya chai. Katika enzi ya Song (960–1279), miji mikuu ya Kaifeng na Hangzhou ilikuwa na mahali pengi pa kuuzia chai, na baadhi yake palipambwa kwa maua na picha za kuchorwa. Mji wa Chengdu peke yake ulikuwa na mahali pa namna hiyo zaidi ya 400 mwanzoni mwa karne ya 20.

Mteja wa hapo hununua bakuli moja la chai lenye kifuniko na kisahani. Kwa hakika kinachonunuliwa si kinywaji tu, bali pia haki ya kuketi. Mhudumu hupita na birika akiongeza maji ya moto juu ya majani yale yale, mara nyingi kadiri mteja atakavyo, bila ya kudai malipo mapya. Kinyozi, msafisha masikio, mfanyabiashara na msimulizi wa hadithi wote walifanya kazi zao humo. Watu waliogombana nao walikwenda huko kusikilizwa mbele ya mtu mwenye heshima na mbele ya wateja wengine, na aliyeonekana kuwa na makosa alilipia chai ya wote. Hapo palikuwa baraza la mtaa bila ya kuwa ofisi ya mtu yeyote.

Ndiyo maana mwandishi Lao She, alipotaka kuonyesha jinsi Beijing ilivyopita katika enzi tatu, tangu mwaka 1898 hadi baada ya Vita Kuu ya Pili, alichagua mahali pa chai pawe jukwaa la mchezo wake wa mwaka 1957. Katika mchezo huo yamebandikwa ukutani maandishi yanayowakataza wateja kuzungumza mambo ya siasa, kwani wenye mamlaka walijua vema kwamba penye chai pana maneno. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni (1966–1976) mahali pengi pa namna hiyo palifungwa. Baada ya mabadiliko ya uchumi yaliyoanza mwaka 1978 pakaanza kurudi.

Kwa hiyo dhana hii ina sifa tatu: chai ndiyo msingi na chakula ni nyongeza, mteja ana haki ya kukaa, na mazungumzo ni sehemu ya huduma. Neno litakalofaa ni lile lisiloziua sifa hizo.

Kuyapima maneno

"Hoteli" katika miji na vijiji vyetu ni mahali pa kula. Mtu huingia, hula, hulipa, huondoka. Tena katika hati za serikali neno hilo laweza kufahamika kuwa ni mahali pa kulala wageni. Halifai.

"Nyumba ya chai" ni tafsiri ya neno kwa neno. Haimwambii msomaji kama chai hiyo inanywewa, inahifadhiwa au inakaushwa. Nchi ambayo chai ni zao la shambani haiwezi kulipuuza tatizo hilo.

"Kijiwe" kina mazungumzo tele, na wauza kahawa wenye madele na kashata ni mashahidi; mtu aliyepata kuketi Jaws Corner, katika Mji Mkongwe wa Unguja, ameonja jambo lililo karibu sana na lile la Chengdu. Lakini kijiwe hakihitaji paa, meza wala mwenyewe, na katika masikio ya wengi neno hilo lina harufu ya uvivu. "Baraza" nayo ina heshima, lakini haiuzi kitu.

Wako wanaopendelea kulichukua neno la Kichina lenyewe, ambalo maana yake ni jumba la chai. Likifuata matamshi yetu litakuwa "chaguani", na msomaji atadhani kuwa anaamriwa kuchagua.

Linabaki neno "mkahawa", ambalo wengine hulitamka "mgahawa". Pingamizi linalotolewa ni kwamba ndani yake mna kahawa. Lakini asili ya neno si gereza la maana yake. Nchini Iran, mahali pa kunywea chai huitwa qahvekhane, yaani nyumba ya kahawa, ijapokuwa kwa miaka mingi kinywaji kikuu humo kimekuwa chai. Waajemi hawakulitupa neno kwa sababu kinywaji kimebadilika. Walishika kazi ya mahali. Nasi tayari tunaagiza chai mkahawani bila ya kushangaa.

Rangi za chai

Kuna mtego mwingine. Majani ambayo Waingereza huyaita meusi, Wachina huyaita mekundu, wakitazama rangi ya maji yake. Tena Wachina wanayo chai nyingine wanayoiita nyeusi, ambayo huvundikwa baada ya kutengenezwa. Basi mfasiri atokaye katika Kiingereza na yule atokaye katika Kichina wanaweza kuandika "chai nyeusi", kila mmoja akiwa na kitu chake. "Chai ya rangi", ambayo sehemu za pwani huitwa pia mkandaa, haiwezi kutuokoa, kwa kuwa hutaja namna ya kuandaa, yaani bila ya maziwa, wala haitaji aina ya majani.

Mapendekezo

Tunapendekeza yafuatayo:

1. Mkahawa wa chai: mahali pa biashara ambapo watu huketi kunywa chai na kuzungumza. Likitajwa mara ya kwanza katika habari za China, iongezwe sentensi moja ya kueleza haki ya kukaa.
2. Birika: chombo cha kuchemshia au kuongezea maji ya moto. Buli: chombo cha kutilia majani na kumiminia chai. Vyombo hivi viwili visichanganywe katika tafsiri rasmi.
3. Chai nyeusi: ibaki kwa majani yale tuliyoyazoea, hata kama matini ya Kichina yanayaita mekundu.
4. Chai ya kuvundika: aina ile ambayo Wachina wenyewe huiita nyeusi.
5. Chai ya rangi: chai isiyotiwa maziwa, wala lisitumiwe kama jina la aina ya majani.

Mwalimu wa Mashewa alipoyasikia maneno "mkahawa wa chai" aliuliza kama wanafunzi wake hawatatafuta kahawa humo. Tulimjibu kwamba huenda wakaitafuta siku ya kwanza. Wasomaji wenye neno bora zaidi, hasa walimu na wafasiri wanaoliona jambo hili kila siku, wanaombwa watuletee, pamoja na sentensi walimolisikia likitumika.