Mmoja Ametumia Dawa, Je, Wote Waadhibiwe?

Bila shaka, msomaji, umewahi kuadhibiwa pamoja na darasa zima kwa kosa la mtu mmoja. Mimi nilikuwa darasa la sita. Mwalimu alikuwa akiandika ubaoni, mtu akapiga mluzi, na kwa kuwa mwenyewe hakujitokeza, sote tulipigishwa magoti juani hadi kengele ya chakula cha mchana. Hadi leo sijui aliyepiga mluzi ule ni nani.

Nilikumbuka magoti hayo majuzi mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha pili na mpenzi mkubwa wa riadha, aliponiuliza kwa nini Usain Bolt anahesabiwa medali nane za dhahabu za Olimpiki na si tisa.

Ya tisa ilipotea hivi. Mnamo Agosti 22, 2008, mjini Beijing, Nesta Carter, Michael Frater, Bolt na Asafa Powell waliishindia Jamaica mbio za mita 100 kwa wanne kupokezana vijiti. Walitumia sekunde 37.10, rekodi mpya ya dunia. Carter ndiye aliyeanza. Mwaka wa 2016 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipima upya sampuli za mkojo zilizohifadhiwa tangu wakati huo, na katika sampuli ya Carter ikapatikana dawa ya kuchangamsha mwili iliyopigwa marufuku. Januari 2017 timu nzima ilipokonywa ushindi. Carter alikata rufaa katika mahakama ya michezo iliyoko Lausanne, Uswizi, na mwaka wa 2018 akashindwa.

"Lakini Mjomba, huo si uonevu? Bolt alikosa nini?"

Hakukosa lolote. Lakini nami nilimwuliza: na vijana wa Trinidad na Tobago waliomaliza wa pili je? Na Wabrazili, waliokuwa wa nne wakatoka uwanjani mikono mitupu? Hatua za Carter zimo ndani ya zile sekunde 37.10, na hakuna awezaye kuzichomoa akabakiza za Bolt peke yake.

Hapa ndipo wengi wetu huchanganya mambo mawili. Kurudisha medali si adhabu. Ni kama kurudisha chenji uliyopewa zaidi dukani. Hukuiba, lakini si yako. Adhabu ni kufungiwa usicheze, na Bolt hakufungiwa hata siku moja. Agosti 2017 alikuwa London akikimbia mashindano ya dunia. Kwa maoni yangu uamuzi huo ulikuwa wa haki, ingawa unauma.

Jambo gumu zaidi lilitokea Australia, katika kandanda yao ile ya mpira wa umbo la yai. Mwaka wa 2012 klabu ya Essendon ya Melbourne ilianzisha mpango wa kuwadunga wachezaji sindano za kuimarisha mwili. Wachezaji waliambiwa ni halali, wakatia sahihi fomu za kukubali. Baadhi yao walikuwa vijana waliotoka shule juzi tu. Hebu jiulize, msomaji: ukiwa na miaka 19, umepata nafasi katika klabu kubwa, na wakubwa wako wanakwambia ukunje mkono wa shati, utakataa?

Mambo yalipofichuka mwaka wa 2013, klabu ilitozwa faini ya dola milioni mbili za Australia na kuondolewa katika michuano ya mwisho ya msimu. Kocha mkuu alisimamishwa miezi 12. Machi 2015 baraza la ligi likawaondolea lawama wachezaji 34. Shirika la kimataifa la kupambana na dawa hizo, WADA, likakata rufaa, na Januari 2016 mahakama ile ile ya Lausanne ikawafungia wote 34 kwa miaka miwili. Sehemu kubwa ilihesabiwa kuwa wamekwisha kuitumikia, lakini walikosa msimu mzima wa 2016. Nahodha wao, Jobe Watson, aliiachilia tuzo ya mchezaji bora aliyoipata mwaka wa 2012.

Na hakuna hata mmoja kati yao aliyepatikana na dawa mwilini alipopimwa. Ushahidi ulikuwa wa barua, ujumbe wa simu na maneno ya watu.

Majaji nao walikuwa na hoja yao. Kanuni husema mwanamichezo ndiye mlinzi wa mwili wake. Tena wachezaji hao, walipojaza fomu za wapimaji, hawakuitaja sindano iliyoleta taabu. Hapo siwatetei, mtu hafichi kile anachoamini ni halali. Linalonisumbua ni kipimo. Kocha aliyekuwa na madaraka alipewa miezi 12, na kijana aliyekuwa akitii alipewa miaka miwili. Huyo kijana alikuwa na kosa lake, lakini la wakubwa wake lilikuwa zito zaidi.

Kwetu Kenya, ambako Bunge lilipitisha sheria ya kupambana na dawa hizi mwaka wa 2016, kanuni ni ile ile: kitakachopatikana mwilini mwako ni chako, awe amekupa daktari, wakala au rafiki.

Nilipomweleza mpwa wangu haya alinyamaza kidogo. Yeye hukimbia mita 400 za kupokezana vijiti shuleni kwao. Kisha akaniambia kuna mwenzake, mkimbiaji wa mwisho, ambaye huleta mazoezini kopo la unga fulani wa kuongeza nguvu na kuwagawia wote. Lebo ya kopo imebanduka.

"Umemwuliza ni unga gani?"

"Nitaonekana mwoga, Mjomba. Na ndiye mwenye kasi kutushinda sote."

Tulikaa sana. Hatimaye alisema Jumatatu atamwuliza, na kama hana jibu watakwenda pamoja kwa mwalimu wa michezo.