Kigae Hutazamwa Mgongoni

Mwenye kusafiri leo kutoka Bunju kwenda Bagamoyo, akipita Mapinga na Kerege, ataona nyumba mpya nyingi kando ya njia, na ndani ya baadhi yake maboksi ya vigae yamepangwa yakimngoja fundi. Zamani vigae vya sakafu vililetwa kwa meli, navyo vilikuwa vya wenye fedha. Siku hizi vyatengenezwa karibu nasi, kwani katika mkoa wa Pwani vimejengwa viwanda vikubwa, kama kile cha Twyford huko Chalinze na kile cha Goodwill huko Mkuranga. Hivyo hata mvuvi wa Mlingotini au mkulima wa Zinga, akiweka akiba kidogo kidogo, aweza kutandika sebule yake. Wengine huviita marumaru, lakini marumaru hasa ni jiwe la kuchimbwa. Kigae ni udongo uliochomwa.

Akiba hiyo ndiyo inayotutia wasiwasi. Mtu hujinyima miaka mitatu, kisha akifika dukani huchagua kwa dakika tano, tena huchagua kile king'aacho kuliko vyote. Mwuzaji naye hamzuii.

Si kwamba kung'aa ni kubaya. Nendeni Kaole, kilometa chache kusini ya mji wa Bagamoyo, mkayatazame makaburi ya nguzo ya wazee wetu wa pwani; au Kunduchi, kwenye makaburi ya karne ya 18. Watu wale walipachika katika chokaa bakuli na sahani zilizotoka ng'ambo, nyingine China. Nyingi zimeng'olewa, yamebaki mashimo yake tu. Lakini zilidumu huko miaka mingi katika upepo wa chumvi, maana udongo wake ulichomwa kwa moto mkali na juu yake ukapakwa utando mgumu kama kioo. Ila sahani ya ukutani haikanyagwi na mtu! Sakafu ni habari nyingine.

Basi, mwenye nyumba, ukishika kigae kigeuze. Mgongo wake hauna utando, nao hausemi uongo. Dondoshea maji kidogo, ungoje. Yakinywewa upesi, hicho yamkini ni kigae cha ukutani, ambacho huweza kunywa maji zaidi ya sehemu 10 katika 100 za uzito wake. Ni laini, na kikiwekwa sakafuni kitavunjika chini ya mguu wa kitanda. Yakikaa juu bila kunywewa, kigae ni kigumu. Kilicho kigumu kupita vyote huitwa porselini, nacho hunywa chini ya nusu ya sehemu moja katika 100. Kisha weka vigae viwili uso kwa uso: vikibembea, vimepinda, na fundi hodari hawezi kuvinyosha.

Huenda ukaona kwenye boksi herufi PEI na namba. Namba hiyo yaonyesha jinsi utando unavyovumilia kusuguliwa, na mwisho wake ni 5. Kwa sebule yenye watoto na wageni tafuta 4. Sisi wa pwani tuna sababu zaidi, maana mchanga tunaoingia nao miguuni ni mgumu kuliko utando wenyewe, na kila hatua ni kama msasa. Sakafu nyeupe ya kung'aa hufifia kwanza pale mlangoni. Rangi ya mchanga au ya kijivu, isiyong'aa sana, huficha mengi, na mkeka wa mlangoni huokoa mengi zaidi.

Lakini jambo kubwa ni kuteleza. Chooni, bafuni na barazani mvua inapopiga, kigae laini huwa kama samaki mkononi. Kijana akianguka huinuka akacheka. Bibi wa miaka 70 akivunjika nyonga, pengine hatembei tena. Kwa hiyo jaribuni dukani: lowesheni kigae, vueni viatu, msugue kwa unyayo. Mama wa nyumba asione haya kusema, “Baba watoto, hiki bibi ataanguka.” Baba naye amsikilize, hata kama ua la kigae kile limempendeza.

Kigae chema juu ya sakafu mbaya ni fedha iliyotupwa. Wengi hutaka nyumba iwe tayari kabla ya Noeli au kipaimara cha mtoto, wakamwambia fundi atandike wiki ile ile jamvi lilipomwagwa. Zege lataka siku 28 kukomaa. Yafaa pia kutandaza nailoni nzito chini yake kuzuia unyevu wa ardhi. Mchanga uwe wa mto, usiwe wa ufukweni, kwani chumvi huvuta unyevu na kuchanua unga mweupe katika mianya. Wenye nyumba za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za Mji Mkongwe wa Bagamoyo, wajihadhari zaidi. Nyumba hizo hupumua. Ukiziba sakafu kwa vigae, unyevu hutafuta njia kwa kupanda kutani, na chokaa huanza kumomonyoka.

Msimame na fundi anapofanya kazi. Asiweke saruji madonge manne pembeni na kuacha tupu katikati, aitandaze kote. Kazi ikikauka, gonga kwa sarafu: palipo tupu patalia kama debe. Bafuni sakafu ishuke kama sentimeta 1 au 2 kwa kila meta, kuelekea tundu la maji.

Hesabu si ngumu. Chumba cha meta 3 kwa 4 ni meta za mraba 12. Kwa vigae vya sentimeta 40 kwa 40 utahitaji 75. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya kukata na kuvunjika, yaani 8. Nunua vyote siku moja, na utazame kwamba namba ya toleo ni ile ile katika kila boksi, maana rangi hutofautiana kidogo toka uchomaji mmoja hadi mwingine. Vitakavyobaki usiwagawie majirani. Vifunge pamoja na kipande cha boksi chenye namba ile, uviweke stoo.