Mzee wa Kizungu Anavuta Vepu na Hakamatwi. Je, Nami Naruhusiwa?



Tulipokwenda Kibiti kuzungumza na wanafunzi wa sekondari kuhusu tumbaku, tulifanya kama kawaida yetu. Kila mmoja aliandika swali kwenye kikaratasi bila jina, akakitumbukiza ndani ya boksi. Maswali mengi yalikuwa yale tuliyoyazoea. Kikaratasi kimoja, hata hivyo, kilitufanya tunyamaze kidogo kabla ya kujibu. Kilisema hivi:

"Mimi kwetu Nyamisati. Pale bandarini nilimwona mzee wa kizungu anasubiri boti ya Mafia. Alikuwa anavuta sigara ya umeme, inatoa moshi mweupe mwingi unanukia embe. Watu walisema ni mstaafu, amepewa kibali cha kuishi nchini. Hakuna aliyemwambia kitu. Kaka yangu ameniletea kama ile kutoka Dar. Kama yule mzee anaruhusiwa, mimi nakatazwa kwa nini?"

Swali liliposomwa darasa zima lilicheka. Halafu likawa kimya, kila mtu anasubiri jibu. Nadhani wengi walikuwa nalo moyoni ila waliona soo kuuliza. Muda wa kipindi ulikuwa mfupi, kwa hiyo tunalijibu hapa kwa kituo, ili na wewe uliye Ikwiriri, Mbwera, Mafia au popote pale upate faida.

VEPU NI KITU GANI?

Sigara ya kielektroniki, ambayo vijana wengi wanaiita vepu, ni kijibomba chenye betri, waya mdogo uliojikunja, na maji maalumu. Ukivuta, betri inaupasha waya moto, yale maji yanageuka mvuke, nawe unauingiza kifuani. Hakuna tumbaku inayoungua, ndiyo maana hunusi harufu ya sigara.

Lakini usidanganyike ukadhani ni mvuke kama wa chai. Ndani ya yale maji mara nyingi mna nikotini, dawa ileile inayomfanya mvutaji wa sigara ashindwe kuacha. Mna pia propilini glaikoli na gliserini, ambazo ndizo zinazotoa lile wingu jeupe, pamoja na kemikali za kuleta harufu ya embe, nanaa au pipi. Zikipata moto, baadhi yake zinabadilika na kuwa sumu kama fomaldehaidi. Mvuke unaweza pia kubeba chembechembe za madini kama nikeli na risasi kutoka kwenye ule waya na sehemu nyingine za chuma.

Aliyebuni vepu ya namna hii ni mfamasia wa China aitwaye Hon Lik, mwaka 2003. Yeye mwenyewe alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, na baba yake alikufa kwa saratani ya mapafu. Kwa hiyo kifaa hiki kilianza kama njia ya kumsaidia mtu mzima aliyenaswa na sigara. Hakikubuniwa kwa ajili ya mwanafunzi wa kidato cha pili ambaye hajawahi kuvuta kitu.

SHERIA YETU INASEMAJE?

Ukumbuke huo mwaka 2003. Ndio mwaka ambao Daraja la Mkapa lilifunguliwa pale Rufiji, watu wakaachana na shida za kivuko. Mwaka huohuo nchi yetu ilipata Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku. Sheria hiyo inakataza kumuuzia au kumpa tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18. Inazuia pia uvutaji katika sehemu mbalimbali za umma. Mwaka 2007 Tanzania ikajiunga na Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku.

Tazama sasa jambo lilivyokuja kuwa gumu. Sheria ilitungwa wakati vepu ndiyo kwanza inabuniwa huko China. Waliotunga walikuwa wanafikiria sigara, kiko, ugoro na tumbaku ya kutafuna. Vepu hawakuitaja kwa jina. Hapo ndipo wafanyabiashara wengine wanapopata nafasi ya kukwambia, "Hii si tumbaku, hii ni starehe tu."

Majirani zetu wengine wameshaziba mwanya huo. Uganda ilitunga sheria mwaka 2015 iliyokataza kuingiza na kuuza sigara za kielektroniki, pamoja na shisha. Umri wa kuuziwa tumbaku nao ukapandishwa hadi miaka 21. Ethiopia ikafuata mwaka 2019, na India mwaka huohuo. Oman, ambako wengi wa pwani tuna shangazi na wajomba, ilitoa amri mwaka 2023 ya kuzuia biashara ya vepu, na faini yake ni rial 1,000.

Uingereza imeshika njia nyingine. Huko mtu mzima anauziwa, na wahudumu wa afya huwashauri wavuta sigara wahamie kwenye vepu ili waachane na moshi. Hata hivyo, ni kosa kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Kuanzia tarehe 1 Juni 2025 zile za kutumia na kutupa zilipigwa marufuku kuuzwa, kwa sababu watoto walizipenda mno na taka zake zilizidi.

Utauliza, mbona nchi hazikubaliani? Ni kwa sababu kila nchi inapima mambo mawili: mtu mzima anayetaka kuacha sigara, na mtoto ambaye hajaanza. Waingereza wamemwangalia zaidi yule wa kwanza. Waganda na Wahindi wamemwangalia zaidi wa pili. Katika nchi hizi zote, hakuna inayosema vepu ni nzuri kwa mwanafunzi.

NA KIBALI CHA MSTAAFU JE?

Wengi wetu tunachanganya viza na kibali. Viza inamruhusu mgeni aingie nchini kwa muda. Akitaka kuishi, anaomba kibali cha ukaazi kutoka Idara ya Uhamiaji. Daraja A ni la wawekezaji na waliojiajiri. Daraja B ni la walioajiriwa. Daraja C ni la wengine, kama wanafunzi, watafiti, wamisionari, wanaojitolea, na wastaafu waliochagua kumalizia uzee wao kwetu.

Basi, kibali hicho kinamruhusu yule mzee kuishi hapa. Hakimpi ruhusa ya kuvunja sheria yoyote. Bunge likipitisha kesho sheria ya kukataza vepu, naye itambana kama inavyokubana wewe.

Mfano mzuri ni Thailand. Nchi hiyo inawapokea wastaafu wengi kutoka Ulaya. Mtu akiwa na miaka 50 na kuendelea, akaonyesha baht 800,000 benki au pensheni ya kutosha, anaweza kupewa ruhusa ya kuishi. Lakini Thailand hiyohiyo imekataza kuingiza vepu tangu mwaka 2014, na anayeiingiza anaweza kufungwa hadi miaka 10. Mstaafu aliyeizoea kwao Uingereza anashuka uwanja wa ndege nayo mfukoni, ghafla ni mkosaji. Pensheni haimwokoi, wala rangi yake haimwokoi.

Kwa hiyo yule mzee wa Nyamisati hakuachwa kwa sababu ni mzungu au kwa sababu ana kibali. Ni mtu mzima, na kifaa chake hakikutajwa na sheria yetu ya 2003. Wewe una miaka 15 au 16. Hapo tayari hamlingani.

MWILI WAKO NA MWILI WAKE

Tuseme yule mzee alivuta sigara miaka 40. Mapafu yake yamechoka. Akiacha sigara kabisa na kubaki na vepu, amepunguza sumu nyingi anazovuta, ingawa hajazimaliza. Yeye anashuka ngazi kutoka juu. Wewe uko chini, kwenye udongo safi. Ukiishika vepu, unapanda ngazi ileile anayohangaika kuishuka.

Tena ubongo wako bado unajengwa. Unaendelea kukua mpaka karibu miaka 25. Nikotini inaufikia ndani ya sekunde chache, na ukiwa bado unakua inaweza kuharibu uwezo wa kuwa makini, kujifunza, na kutuliza hasira. Kijana hunaswa upesi kuliko mtu mzima, hata kama havuti kila siku.

Jambo jingine: hujui kilichomo ndani. Huko Marekani, mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020, watu zaidi ya 2,800 walilazwa au kufa kwa ugonjwa wa mapafu uliotokana na vepu. Waliokufa walikuwa 68. Wengi wao walikuwa wametumia maji yaliyochanganywa na bangi na mafuta ya vitamini E, yaliyonunuliwa vichochoroni. Kama hayo yalitokea kwenye nchi yenye maabara kila kona, jiulize ile uliyoletewa ndani ya mfuko wa rambo imepimwa na nani.

RAFIKI YANGU WA CHUO

Nilipokuwa chuo nilikaa chumba kimoja na rafiki yangu mmoja, kijana mwenye akili sana. Alianza vepu mwaka wa kwanza kwa kuzuga tu na washikaji. Alisema anaweza kuiacha siku yoyote. Ikafika wakati anachaji vepu kabla ya simu. Usiku mmoja umeme ulikatika wiki ya mitihani, na chaji ikaisha. Hakuweza kusoma. Alizunguka chumbani, akanigombeza bila sababu, mwishowe akatoka saa saba usiku kwenda kutafuta sigara za kawaida, yeye aliyekuwa akizisema zinanuka.

Baadaye alipata nafasi ya kusoma India. Kule kuuza vepu ni kosa, kwa hiyo aliiacha Dar. Aliniambia siku za kwanza hakulala, kichwa kiliuma, na darasani hakusikia anachofundishwa. Alivuka mpaka, sheria ikabadilika, lakini mwili wake ulikuwa uleule na deni lake la nikotini. Ilimchukua muda, ila aliacha. Leo mwenyewe anasema hicho ndicho cheti kigumu kuliko vyote alivyopata.

UVUMI NA UKWELI

Uvumi: Vepu haina nikotini, ni harufu ya matunda tu.
Ukweli: Nyingi zina nikotini. Harufu ya embe inaficha ukali wake.

Uvumi: Kwa kuwa haitoi moshi, waliokaribu hawadhuriki.
Ukweli: Wanavuta mvuke wenye nikotini na kemikali nyingine. Na mdogo wako akiyanywa yale maji anaweza kupata sumu hata ya kumuua. Ikitokea, mkimbizeni hospitali mara moja.

Uvumi: Kutovuta ni ushamba.
Ukweli: Tuseme unatumia shilingi 2,000 kwa siku. Kwa mwaka ni shilingi 730,000. Mjanja ni nani hapo, wewe au muuzaji?

UKISHAANZA, UFANYE NINI?

Usijione umeharibikiwa. Wengi wameacha, na wewe unaweza. Jaribu haya:

1. Chagua siku ya kuacha na uishike. Siku tatu za mwanzo ndizo noma zaidi. Baada ya wiki chache hali inapoa.

2. Mwambie mtu mmoja unayemwamini: dada, mjomba, mwalimu wa malezi, au rafiki asiyevuta.

3. Hamu ikija, ngoja dakika kumi. Kunywa maji, tembea, cheza mpira. Hamu hupita.

4. Kaa mbali kwa muda na kundi mnalovuta pamoja. Rafiki wa kweli atakuelewa.

5. Nenda zahanati au kituo cha afya ukaongee na mhudumu. Hukwenda kushtakiwa, umekwenda kusaidiwa.

6. Usiitupe mtoni au mikokoni. Betri na maji yake ni sumu, na delta yetu ndiyo inayotupa kamba na samaki. Mpe mtu mzima aiweke mbali na moto na watoto, kisha muulizeni mhudumu wa afya pa kuipeleka.

Na wewe wa kikaratasi, popote ulipo kati ya Nyamisati na Kibiti: asante kwa kuuliza kabla ya kuwasha. Mrudishie kaka yako zawadi yake kwa upole. Mwambie unashukuru, ila safari ijayo akuletee daftari. Akikucheka, mpe ukurasa huu asome na yeye.

JADILINI KATIKA KLABU YENU

1. Kama ungekuwa mbunge wa Kibiti, ungependa sheria ya vepu isemeje? Kwa nini?

2. Mgeni mstaafu anavuta karibu na watoto wanaosubiri boti. Mtamwambiaje kwa adabu?

3. Rafiki yako anakwenda Oman au India kwa masomo na ana vepu kwenye begi. Utamshauri nini?