Malipo Yakizunguka, Usitume Mara ya Pili

Uko dukani, foleni nyuma yako ni ndefu, umeweka PIN na simu inasema tu "tafadhali subiri". Kidole kinakuwasha utume tena. Ngoja kwanza tukueleze kinachoendelea.

Rekodi ya pesa zako iko kwenye databesi. Kila ukituma, seva yetu huongea nayo kupitia muunganisho. Kufungua muunganisho mpya kuna gharama: kompyuta mbili zinasalimiana, zinakubaliana namna ya kuficha mawasiliano, kisha seva inakaguliwa nywila. Tukifanya hivyo kwa kila mteja, mfumo utachoka. Kwa hivyo tunafungua miunganisho kadhaa mapema na kuitumia tena na tena.

Fikiria kibanda cha chai chenye vikombe 10. Ukimaliza, unarudisha kikombe, anapewa mwingine.

Mbona msiongeze vikombe?

Databesi nayo ina kikomo. PostgreSQL, kwa mfano, mipangilio isipobadilishwa hukubali miunganisho 100 tu, na kila mmoja unakula memori. Ukizidisha, kila mtu anacheleweshwa.

Maisha ya kikombe

- Kuazimwa. Vikombe vyote vikiwa mikononi mwa watu, kama mwisho wa mwezi, ombi lako linangoja. HikariCP, programu inayofanya kazi hii kwenye mifumo ya Java, kwa kawaida hungoja sekunde 30 kisha hurudisha kosa.
- Kurudishwa. Programu ikisahau kurudisha, vikombe vinapotea kimoja kimoja hadi mfumo unakwama, hata wateja wakiwa wachache. Hili ndilo kosa tunalolichunga sana.
- Kustaafishwa. Muunganisho uliokaa sana unaweza kukatika kimyakimya. HikariCP kwa kawaida huuondoa baada ya dakika 30 na kuweka mpya.
- Kufunga kibanda. Tukifanya matengenezo, hatumnyang'anyi mtu kikombe mdomoni. Tunaacha kupokea maombi mapya, tunangoja yaliyo ndani yaishe, ndipo tunafunga.

Na pesa zangu je?

Kukatwa kwako na kuongezewa kwa mpokeaji huandikwa kama jambo moja: yote mawili yafanyike, au lisifanyike hata moja. Hazipotelei katikati. Lakini mawasiliano yakikatika jibu likiwa njiani, malipo yanaweza kuwa yamepita na simu yako haijui. Ukituma tena hapo, umelipa mara mbili.

Fanya hivi

1. Subiri ujumbe wa kuthibitisha au wa kukataa.
2. Usipokuja, angalia salio na orodha ya malipo yako ya karibuni.
3. Ukiona yamepita, mwonyeshe mwenye duka. Ukiambiwa yamekataliwa, tuma tena bila wasiwasi.
4. Kama bado hujui, pigia huduma kwa wateja kabla ya kurudia. Hatutakuuliza PIN yako, na yeyote akiiuliza, kata simu.

Dakika mbili za kungoja ni afadhali kuliko siku nzima ya kufuatilia pesa zilizotumwa mara mbili.